Waya Unaokwenda kwa Mpiga Dramu: Ukurasa Mmoja wa Historia ya Kwaya Yetu



Kamati ya yubile ilipogawa kurasa za kijitabu hiki, wenzetu walipewa habari za waanzilishi, za safari na za sare. Sisi wa upande wa ala na mitambo tuliambiwa tuandike historia ya vyombo. Tukaanza kuorodhesha: kayamba, ngoma, kinanda cha kwanza, kinanda cha pili, spika, miksa. Tulipofika katikati, mwanakamati mmoja akatuuliza swali lililotufanya tuiache ile orodha. Alitaka kujua kama ule waya mweusi unaopita sakafuni, kutoka meza ya fundi mitambo hadi kwa mpiga dramu, hauwezi kuondolewa siku ya yubile. Watoto wa shule ya Jumapili hujikwaa hapo, na kwenye picha unaonekana kama nyoka katikati ya maua.

Jibu letu ni kwamba hauondoki. Lakini aliyeuliza kwa nia njema hastahili jibu la neno moja, kwa hiyo tumeamua kuandika historia ya waya wenyewe. Ni kipande kidogo cha miaka yetu 25. Ndani yake, hata hivyo, mna mwaka mgumu kuliko yote tuliyopitia, na mna kosa tulilomkosea mmoja wetu.

Zamani tulisubiriana

Uimbaji wa Kikristo katika mwambao huu una umri mrefu. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akawazika mkewe na mtoto wao mchanga ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Mwaka 1875 kikaanzishwa kijiji cha Freretown kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani, na kengele yake ndiyo iliyopaachia mahali pale jina la Kengeleni. Hapa kisiwani Kanisa Kuu la Ukumbusho lilijengwa kati ya 1903 na 1905. Kwa miaka mingi nyimbo za ibada zilikwenda na kinanda peke yake. Ngoma iliachwa mlangoni, kwa kuwa wamisionari wengi waliiona ni mali ya mizimu na ya starehe za usiku.

Huko nje ngoma haikungoja ruhusa. Mji ulikuwa na beni, na vyama vyake vikishindana barabarani. Kwenye harusi kulikuwa na chakacha kwa msondo, vumi na chapuo. Kwa ndugu zetu Wamijikenda kulikuwa na kayamba. Ngoma hizi zina desturi moja: mmoja hushika mapigo yale yale bila kuyaacha, na mwenziwe akacheza juu yake. Ndugu zetu Wakatoliki walifunguliwa mlango na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliotoa hati yake ya liturujia mwezi wa Desemba 1963. Makanisa mengine yalifuata, kila moja kwa mwendo wake. Kwaya yetu ilipozaliwa, kayamba na ngoma vilikuwa vimekwisha kukaribishwa, wala hatukugombana na mtu juu yake.

Wanaokumbuka mazoezi ya mwanzo watakumbuka tulivyosimama: nusu duara, sauti ya kwanza kushoto, besi kulia, mwalimu mbele, na ngoma karibu na miguu yake. Hatukuwa na spika. Sisi wa Bondeni mazoezi yetu ya jioni hukatika kidogo adhana ya Magharibi inaposomwa, na baada ya hapo tunarudi tulipoachia bila hata kuhesabiwa. Kila mmoja alimsikia mwenzake kwa masikio yake mwenyewe. Kwaya ikiharakisha kwa furaha, ngoma iliharakisha pamoja nayo. Mama mmoja akiivuta noti kwa kuwa neno limemgusa, ngoma ilimngoja. Hakuna aliyeliita jambo hilo kwa jina lolote. Tulisubiriana tu.

Baadaye zikaja spika, na baada ya spika ikaja seti ya dramu. Seti ilikuwa na kelele kuliko ngoma ya ngozi, kwa hiyo tukaisogeza nyuma, pembeni kabisa, nyuma ya mstari wa spika. Huo ulikuwa uamuzi wa busara kwa masikio ya waumini. Hatukutambua kwamba tumemtoa mpiga ngoma katika nusu duara.

Mashine isiyosubiri

Kabla hatujaendelea, tueleze lupu ni nini, maana wazee wetu wamelisikia neno hili likitajwa na vijana na wengine wamedhani ni tusi.

Lupu ni kipande cha sauti kinachorekodiwa papo hapo na kuanza kujirudia chenyewe. Mwimbaji anakanyaga pedali, anaimba kitikio, anakanyaga tena. Kuanzia hapo kitikio kile kinazunguka bila yeye, naye anaimba sauti ya pili juu yake, kisha ya tatu. Mtu mmoja anaweza kuwa kwaya.

Mbinu hii haikuanzia kwetu. Mpiga gitaa wa Marekani Les Paul alikuwa akizilaza sauti juu ya sauti kwa mashine za kurekodia tangu miaka ya 1940 na 1950. Terry Riley, naye wa Marekani, alitumia mashine mbili za utepe katika miaka ya 1960 ili sauti iliyopita imrudie aicheze tena juu yake. Mwaka 1973 Robert Fripp na Brian Eno wa Uingereza wakatoa santuri nzima iliyojengwa kwa njia hiyo. Leo kazi ya mashine mbili kubwa za utepe inafanywa na kisanduku kinachokaa chini ya kiatu.

Angalieni kwamba hao wote walianza bila mpiga dramu. Tatizo linaanzia kwake. Mwimbaji anayejirekodi anaisikia lupu yake kwa kuwa ameisimamia. Mpiga dramu ndiye anayetakiwa kuipigia mapigo sahihi, na mara nyingi ndiye asiyeisikia. Bendi ya The Who ya Uingereza iliona hivyo tangu mwaka 1971, ilipoanza kupiga jukwaani nyimbo zilizoegemea kinanda kilichorekodiwa kwenye utepe. Mpiga dramu wao, Keith Moon, alikuwa mtu asiyetulia, lakini kwa nyimbo hizo ilimbidi avae hedifoni. Katika filamu yao iliyopigwa mwaka 1978 anaonekana amezifunga kichwani kwa utepe wa gundi ili zisiruke. Kinanda kile kisingemngoja.

Hiyo ndiyo tofauti kati ya lupu na kwaya. Kwaya ikikosea kidogo, inajirekebisha. Lupu haina masikio.

Tulivyoingia katika lupu

Hatukuinunua mashine hiyo kwa fahari. Ilituingia mlangoni kwa shida.

Tarehe 13 Machi 2020 ilitangazwa kwamba korona imefika Kenya. Kabla mwezi haujaisha makanisa yalikuwa yamefungwa na kafyu imeanza. Tarehe 8 Aprili kaunti ya Mombasa ikazuiwa, hakuna kuingia wala kutoka. Tarehe 6 Mei ikawa zamu ya Mji wa Kale wenyewe. Kizuizi kiliwekwa, na wanakwaya waliokuwa wakiitana kwa dirisha wakajikuta mmoja yuko ndani na mwingine nje. Tuliimba kwenye simu, kila mtu nyumbani kwake, na kila aliyejaribu anajua kwamba kwaya haiwezi kuimba pamoja kwenye simu. Sauti inachelewa.

Mwezi wa Julai makanisa yakaruhusiwa kufunguliwa kwa masharti. Ibada isizidi saa moja. Watu wasizidi 100. Watoto chini ya miaka 13 wabaki nyumbani, na wazee waliopita miaka 58 nao wabaki nyumbani.

Sharti la mwisho ndilo lililotuvunja mgongo. Waanzilishi wetu walikuwa wamevuka umri huo karibu wote. Mama zetu wa sauti ya kwanza, wazee wetu wa besi, wale waliotufundisha kushika pumzi hadi mwisho wa mstari, wote walibaki nyuma ya milango. Mbele ya kanisa tulisimama watu wanane, mbali mbali, na barakoa usoni. Jumapili ya kwanza tulisikika kama redio iliyoishiwa betri.

Mmoja wetu alikuwa akipiga gitaa peke yake jioni katika hoteli za pwani. Hoteli zilipofungwa, gitaa lake na kisanduku chake cha lupu vilikuwa vimekaa chini ya kitanda. Ndiye aliyetoa shauri. Akasema, kama wazee hawawezi kuja, tuwaendee tukachukue sauti zao.

Tukawaendea. Tulisimama mlangoni, wao wakiwa ndani. Kila mmoja alipewa simu yenye mapigo 100 kwa dakika na kinanda masikioni, na simu ya pili ikawa ya kurekodia. Aliimba kitikio kimoja tu, mapigo 32, kisha tunamshukuru na kwenda nyumba inayofuata. Tulipata sauti tisa. Kijana wetu mmoja alizipanga pamoja kwenye kompyuta, akazipata zinakaa sekunde 19.2 kamili, akaziingiza katika mashine ya lupu. Tulipozicheza mara ya kwanza, wawili kati yetu walitoka nje kwa muda.

Jumapili iliyoharibika

Mpango ulikuwa rahisi. Sisi wanane tuimbe ubeti, na kwenye kitikio fundi mitambo aifungulie lupu, wazee waingie. Ibada ilikuwa ikirushwa moja kwa moja kwenye simu, na wazee walikuwa wamejulishwa. Walikaa wakisubiri kujisikia.

Kitikio cha kwanza kilikwenda vizuri. Raundi ya pili dramu ilikuwa mbele kidogo. Raundi ya tatu sisi wanane hatukujua tumfuate nani. Dramu ilikuwa mahali pake na wazee mahali pao, kama magari mawili yanayogombea daraja moja. Mwalimu akampa ishara fundi, lupu ikazimwa, tukaumalizia wimbo wanane. Kwa ibada ya saa moja hapakuwa na nafasi ya kurudia.

Baada ya ibada simu ikalia. Alikuwa mama mmoja wa sauti ya kwanza, mmoja wa waanzilishi. Akatuuliza, "Wanangu, mbona mumeninyamazisha? Nilikosea wapi?"

Tukamwambia hakukosea yeye, amekosea kijana wa dramu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi musimkemee. Mumuulize alikuwa akisikia nini."

Tulikuwa tumekwisha kumkemea. Alikuwa mdogo kuliko sote, na hakujibu neno.

Alikuwa akisikia nini

Siku ya mazoezi mwalimu alikwenda kukaa mwenyewe kwenye kiti cha dramu. Akaomba lupu ifunguliwe kama ilivyokuwa Jumapili, naye apige makofi tu kuifuata. Sisi tulisimama mbele kusikiliza. Baada ya raundi mbili makofi yake yalikuwa yamepotea kama dramu ilivyopotea. Aliinuka, akamwita kijana, akamwomba radhi mbele yetu sote. Tuliokuwepo tunaliandika hapa kwa kuwa tulilikosa sote, si mwalimu peke yake.

Sababu ilikuwa hii. Sauti ya lupu ilitoka katika spika mbili kubwa zinazotazama waumini, na kijana alikaa nyuma yake. Kilichomfikia hakikuwa sauti ya spika, bali sauti iliyokwenda hadi ukuta wa mlango mkuu na kurudi. Katika joto letu la Mombasa sauti husafiri karibu mita 350 kwa sekunde. Tulipima: kutoka spika hadi ukuta wa nyuma ni mita 21, kwa hiyo kwenda na kurudi ni mita 42. Hiyo ni kuchelewa sekunde 0.12. Kwa mwendo wa mapigo 100 kwa dakika, kila pigo ni sekunde 0.6. Kijana alikuwa akiisikia kwaya ya wazee imechelewa moja ya tano ya pigo, tena hafifu, na juu yake kuna kelele ya dramu zake mwenyewe.

Alipoona hawezi kuitegemea, alifanya ambalo kila mpiga dramu mwema hufanya: alipiga kwa kumbukumbu. Na mtu anayepiga kwa kumbukumbu, moyo ukiwa umechangamka, huongeza mwendo. Chukueni kwamba alitoka mapigo 100 hadi 102 tu, kiasi ambacho hakuna muumini angekigundua. Mapigo 32 yanaisha kwa sekunde 18.82 badala ya 19.2. Raundi moja inamtanguliza sekunde 0.38, zaidi ya nusu ya pigo. Raundi mbili ni zaidi ya pigo zima. Zamani kwaya ingemfuata au yeye angeingoja kwaya. Safari hii nusu ya kwaya ilikuwa ndani ya mashine.

Majaribio matatu

Jaribio letu la kwanza lilikuwa kumwekea spika ndogo ubavuni. Aliisikia lupu vizuri, lakini na maiki nazo ziliisikia. Tulipojaribu kurekodi sauti mpya juu ya ile ya zamani, mashine ilimeza sauti mpya, na dramu, na lupu ya kwanza iliyotoka katika spika ile. Raundi ya nne ilikuwa uji. Tulipoongeza sauti kidogo, maiki zikapiga mluzi hadi paka wa jirani akaruka ukuta.

Jaribio la pili tulimpa hedifoni, tukazichomeka mahali pa hedifoni pa miksa, kwa kuwa tundu lilikuwepo. Ilikuwa nafuu kubwa kwa dakika tano. Kisha fundi akabonyeza kitufe cha kukagua maiki moja, kama anavyofanya kila Jumapili, na kijana akabaki anasikia maiki ya kasisi peke yake katikati ya wimbo. Tundu lile ni masikio ya fundi. Mpiga dramu alihitaji masikio yake mwenyewe.

Jaribio la tatu ndilo tunalolitumia hadi leo, na tunalieleza polepole kwa faida ya kwaya jirani zinazotuuliza.

Miksa ina njia kuu inayokwenda kwa waumini, na ina njia za pembeni, zile zenye vitufe vilivyoandikwa AUX. Njia ya pembeni ni kama mfereji mdogo unaochotwa kutoka mto mkubwa: kila maiki ina kitufe chake cha kuamua ni kiasi gani cha sauti yake kiingie humo. Sisi tunatumia mifereji miwili.

Mfereji wa kwanza unakwenda ndani ya mashine ya lupu. Tunafungulia humo maiki za waimbaji tu. Maiki za dramu tunazifunga kabisa, ili mashine isirudie kitu ambacho hatukukusudia kirudiwe. Sauti inayotoka katika mashine haiingii katika spika moja kwa moja. Inarudi kwenye miksa katika mstari wake wenyewe, kama mwimbaji mwingine. Na katika mstari huo kitufe cha mfereji wa kwanza kinakaa sifuri daima. Kikifunguliwa, mashine inajilisha sauti yake yenyewe, inakua na kukua hadi mluzi.

Mfereji wa pili unakwenda kwa mpiga dramu kwa ule waya mweusi, kupitia kisanduku kidogo cha kukuza sauti alichokiweka karibu na kiti chake, mpaka kwenye hedifoni. Humo tunafungulia lupu kwa wingi, maiki ya mwalimu kidogo, na kinanda kidogo. Mfereji huu tumeuweka uchote sauti kabla ya kitelezi. Maana yake ni kwamba fundi anaweza kuishusha lupu kwa waumini, hata kuinyamazisha wakati wa ubeti, na mpiga dramu akaendelea kuisikia ikizunguka. Fundi anapoirudisha, dramu iko pale pale. Kosa la kuuweka uchote baada ya kitelezi tulilifanya wiki moja: kila fundi aliposhusha, kijana alibaki gizani.

Kwa lupu tunazorekodi papo hapo tulibadilisha jambo moja zaidi. Pedali ya kuanzia na kufungia haikanyagwi tena na mwimbaji. Iko karibu na mguu wa mpiga dramu, na yeye ndiye anayeikanyaga. Lupu inazaliwa kutokana na mapigo yake, kwa hiyo urefu wake ni wake. Lakini ile ya wazee imekwisha kupimwa, haipungui wala haizidi. Kwa hiyo kabla ya wimbo anapata hesabu ya nne masikioni mwake, ambayo waumini hawaisikii.

Tunatoa tahadhari mbili kwa wanaotaka kufuata. Kwanza, wenye kompyuta badala ya kisanduku wajue kwamba kompyuta huikusanya sauti kwa mafungu kabla ya kuitoa. Fungu la sampuli 1,024, kwa kompyuta inayohesabu 48,000 kwa sekunde, ni kuchelewa sekunde 0.021, na hiyo ni kuingia tu, bado kutoka. Punguzeni fungu, na musimrudishie mpiga dramu dramu zake kupitia kompyuta. Pili, tunzeni masikio. Wataalamu wa afya ya kazini wanasema mtu asikae katika kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa nane, na kila zikiongezeka tatu muda unapungua nusu, hata desibeli 100 zikampa robo saa tu. Hedifoni ziwe za kufunika sikio lote, ili asilazimike kupandisha sauti kuzishinda dramu, na zivaliwe masikio yote mawili. Anayefungua sikio moja hulipandisha lile jingine.

Waliporudi

Jumapili ya tatu tangu ile iliyoharibika tulirudia wimbo ule ule. Wazee waliingia kwenye kitikio, na dramu iliwachukua kama mtu anayemshika bibi mkono kuvuka barabara. Raundi ya kwanza, ya pili, ya sita. Fundi akawashusha kwa ubeti, akawapandisha tena, nao walikuwa mahali pao. Hakuna aliyepiga makofi, kwa kuwa watu wengi walikuwa wakijifuta macho. Simu ilipolia mama yule alisema neno moja tu kuhusu wimbo: alikuwa ameivuta noti ya mwisho kupita kiasi, na angependa kuirekodi upya. Tulikataa.

Masharti yalipolegezwa wazee walirudi mmoja mmoja, na kwa muda tuliiweka mashine kabatini. Tuliitoa tena kwa sababu nyingine. Kati ya sauti zile tisa, wenye sauti tatu wametangulia mbele ya Bwana. Familia zao zilitujia, kila moja kwa wakati wake, kuuliza kama tungali tunayo. Tunayo. Imehifadhiwa mahali pawili, kwenye mashine na kwenye kompyuta ya ofisi ya kanisa.

Siku ya yubile, wimbo wa tatu katika ratiba yenu ndio ule. Kitikio cha kwanza kitaimbwa na kwaya ya leo peke yake. Kitikio cha pili, wazee sita tulio nao watasimama mahali pao pa zamani na kuimba juu ya sauti zao za mwaka 2020, na wale watatu watakuwa pamoja nao. Mama aliyetuuliza mbona tumemnyamazisha atakuwa safu ya mbele, upande wa kushoto. Anasema safari hii ataifupisha ile noti ya mwisho, na sisi tumemwomba asifanye hivyo, maana ile iliyo ndani ya mashine haitafupika.

Kijana wa dramu sasa ni mtu mzima, na anamfundisha mwingine. Somo la kwanza analompa si kushika vijiti. Anamkalisha kwenye kiti, anamvua hedifoni, anafungulia lupu, na kumwambia apige makofi. Kisha anamvisha hedifoni na kumwambia apige tena.

Kwa hiyo, ndugu mwanakamati, waya unabaki. Tumenunua utepe mpana zaidi, tutaubandika sakafuni kuanzia meza ya fundi hadi dramu, na mtu mmoja wetu atasimama pale watoto wanapopita. Kwa picha, tunaomba mpiga picha asimame upande wa kulia.